Kipandikizi Kikioza, Anzia kwenye Kisu

Julai inapoleta baridi na mawingu Nairobi, udongo wa vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong na Waiyaki Way haukauki upesi. Vipandikizi vya jeraniamu huanza kuwa vyeusi kutoka chini, vikalainika, vikaanguka. Mara nyingi mhusika ni pithiamu, kiumbe anayefanana na kuvu na kuishi kwenye udongo uliolowa. Huingilia pale kisu kilipokata.

Jikoni kuna kinga. Mdalasini una sinamaldehidi, kemikali inayoharibu ngozi ya seli za kuvu. Unga wake nyunyiza kidogo juu ya udongo na kwenye kidonda cha mmea mama, lakini usiulundike kwenye ncha inayotakiwa kutoa mizizi. Kitunguu saumu nacho hutengeneza alisini, kemikali inayopambana na kuvu, pale tu kinapopondwa, na nguvu hiyo haidumu; maji yake yatumike siku hiyo hiyo.

Asali inasifiwa kupita kiasi. Ikiwa nzito, sukari yake hunyonya maji ya vijidudu vikafa. Ikishayeyuka kwenye udongo wenye unyevu, inayobaki ni sukari ya kulisha kuvu. Mimi siishauri.

Tena vyote hivi hulinda kidonda kwa nje tu. Mwaka 2003, vipandikizi vya jeraniamu vilivyotoka Kenya viligunduliwa Marekani vikiwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, na maelfu ya mimea yakateketezwa. Bakteria huyu hukaa ndani ya mishipa ya maji ya shina, na mmea unaweza kuonekana mzima kabisa. Hakuna mdalasini utakaomfikia. Ndiye huyo huyo anayenyausha viazi na nyanya shambani, ndiyo maana jambo hili si la wapenda maua peke yao.

Kwa hiyo futa kisu kwa spiriti kila unapohamia mmea mwingine. Tumia mchanga safi unaopitisha maji, na usimwagilie kila siku kwa mazoea. Chagua mmea mama usio na dalili yoyote.

Ukiona mmea unanyauka ilhali udongo wake una maji, usikate kipandikizi hapo wala usiutupe kwenye mboji au mtoni. Utenge, kisha uwaone maofisa wa kilimo wa eneo lako au KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea lenye makao yake Karen, kabla hujamgawia jirani mche mwingine.