Kuondoa Mfumo Endeshi wa Pili katika Kompyuta

Kompyuta moja huweza kubeba mifumo endeshi miwili, kwa mfano Windows na Ubuntu, na mtumiaji akachagua mmojawapo kila anapoiwasha. Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika huweza kuukuta mpangilio huu bila kuuomba, kisha akagundua kwamba sehemu kubwa ya diski imeshikwa na mfumo asioutumia. Kuuondoa kunawezekana, tena bila gharama. Hata hivyo, anayeanza kwa kufuta huweza kubaki na kompyuta isiyofunguka. Makala haya yanaeleza utaratibu salama kwa anayetaka kubakiza Windows na kuondoa Ubuntu.

Chanzo cha hatari

Ubuntu inaposakinishwa kando ya Windows, huweka programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo ndiyo huonyesha orodha ya mifumo. Programu hii ni kama bawabu: kompyuta ikiwashwa, hupitia kwake kabla ya kuifikia Windows. Mafaili anayoyategemea bawabu huyo yamo katika sehemu ya diski ya Ubuntu. Sehemu hiyo ikifutwa mapema, skrini huwa nyeusi na kuonyesha neno "grub" pekee. Windows na nyaraka zako bado zimo, lakini hazifikiki.

Kabla ya kuanza

1. Nakili nyaraka zako zote kwenye diski ya nje au flashi, pamoja na zilizomo ndani ya Ubuntu, kwa kuwa Windows kwa kawaida haisomi sehemu za Ubuntu. Fungua baadhi ya nakala hizo katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba zinasomeka.

2. Ukiwa bado ndani ya Ubuntu, andika kwenye karatasi ukubwa wa kila sehemu ya diski inayotumiwa na mfumo huo.

3. Chunguza iwapo diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker. Mabadiliko katika mipangilio ya kuwasha yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo huenda umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeisajili kompyuta, ambaye huenda ni mmiliki wa awali. Usiendelee kabla ya kuupata.

Hatua za kufuata

Kwanza, zima kompyuta, iwashe tena na uingie katika mipangilio ya kuwasha. Kitufe cha kuingilia hutofautiana kwa kila aina ya kompyuta. Vinavyotumika sana ni F2, F10, Esc na Delete. Weka "Windows Boot Manager" nafasi ya kwanza, hifadhi, kisha washa upya. Endelea tu ikiwa Windows imefunguka yenyewe bila kuonyesha orodha ya mifumo.

Pili, ndani ya Windows, fungua programu ya kusimamia diski kwa kuandika diskmgmt.msc katika kisanduku cha kutafutia. Linganisha sehemu unazoziona na ukubwa ulioandika, kisha futa zile za Ubuntu peke yake. Usiguse sehemu yenye jina "EFI" wala "Recovery", hata kama hazina herufi: ya kwanza huiwasha Windows, ya pili huitengeneza inapoharibika.

Tatu, nafasi iliyoachwa wazi huweza kuongezwa kwenye diski C ikiwa inapakana nayo upande wa kulia. La sivyo, itengenezee diski mpya yenye herufi yake.

Kompyuta za zamani zisizo na UEFI hazina chaguo la "Windows Boot Manager". Kwa hizo, programu ya kuanzishia Windows hurekebishwa kwa kutumia flashi ya kusakinishia. Asiye na uzoefu amwachie fundi.

Unapomtumia fundi

Mweleze kwa maandishi ni mfumo upi ubaki, na udai risiti inayotaja kazi hiyo. Usimwachie nywila za akaunti zako. Kabla ya kulipa, iwashe kompyuta mwenyewe mara mbili na ufungue nyaraka zako mbele yake. Fundi akikwambia kwamba ni lazima kufuta diski nzima, mwombe akueleze sababu: kuondoa mfumo mmoja hakulazimu kupoteza mwingine.