Waridi Mbili, Chumba Kimoja

Usikate shauri dukani baina ya rangi mbili za waridi zilizofanana kama pacha. Chumba cha meta 3 kwa 4, chenye kimo cha meta 2.5, kina kuta za meta za mraba 35; kukipaka mikono miwili hutaka takriban lita 7. Ukikosea, fedha ya chakula imekwenda ukutani.

Nunua kwanza kopo dogo la kila rangi. Paka vibao viwili, mikono miwili kila kimoja, uviache vikauke barabara, kwani rangi mbichi hudanganya. Kisha visimamishe chumbani humo, uvitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa iwakapo. Mwanga wa manjano huivuta waridi kwenye machungwa. Mwanga mweupe huipoza.

Kumbuka pia kwamba kuta huakisiana, hivyo rangi hukolea kuliko ilivyoonekana kibaoni. Ukibaki na shaka, chagua iliyo hafifu zaidi.

Na yule atakayelala humo, hata akiwa mtoto, aulizwe. Yeye ndiye atakayeamka nayo kila siku.