Hoteli Iliyojengwa kwa Makato ya Kahawa

Hoteli za kale za Afrika Mashariki husimuliwa kwa majina ya waliolala humo. Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1904, haitajwi bila Theodore Roosevelt, aliyefikia pale mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Kilimanjaro Hotel ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965, hukumbukwa kama fahari ya nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru. Simulizi hizo haziulizi nani alitoa fedha za kujengea. Tukiuliza hivyo mjini Moshi, hoteli inayostahili heshima ya kwanza si mojawapo ya zile zinazopamba vipeperushi vya wapanda mlima. Ni ile iliyowekwa kwenye ghorofa za juu za jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, karibu na mnara wa saa, ambayo wageni wengi waliijua kwa jina la Coffee Tree. Jengo hilo lilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Mwingereza ikiwa bado madarakani, na wenyewe walikuwa wakulima wadogo wa vihambani.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, lazima turudi kwenye mbuni. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema walikuwa wakipanda kahawa kabla ya karne ya 19 kwisha, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, zao hilo lilipata njia ya bandarini. Walowezi waliitaka biashara hiyo iwe yao peke yao. Nchini Kenya wenzao walifanikiwa kwa miaka mingi kumzuia Mwafrika asilime arabika, na walowezi wa Kilimanjaro wakadai vivyo hivyo kwa hoja ya magonjwa ya mimea na wizi wa kahawa, ingawa hofu yao kubwa ilikuwa kukosa vibarua: mtu mwenye mibuni yake hana haja ya kuchuma ya mwingine. Wachagga, wenyeji wa mlima huo, walijibu mwaka 1925 kwa kuunda chama chao cha wakulima, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 nafasi ya KNPA ilishikwa na KNCU, chama kikuu chenye vyama vya msingi vilivyoenea mlimani. Utaratibu ulikuwa rahisi kuueleza, mgumu kuusimamia: mkulima alipeleka kahawa ya maganda kwenye chama chake cha msingi, ikateremshwa Moshi kukobolewa, ikauzwa, na katika kila ratili kikakatwa kiasi kidogo kwa ajili ya chama. Bei ya kahawa ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, makato hayo madogo ya makumi ya maelfu ya watu yakawa fedha ya kutosha kujenga ghorofa katikati ya mji.

Hoteli nyingine za eneo hili nazo zina historia yao, na sina nia ya kuidharau. Kibo Hotel ya Marangu ilianzishwa na Wajerumani. Marangu Hotel ilianza kama shamba la kahawa la mlowezi, na katika miaka ya 1930 ikaanza kupokea wageni. Hoteli hizo ndizo zilizoandaa safari za mlimani kwa miongo mingi, zikaajiri waongozaji na wapagazi wa Marangu, kijiji cha Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kuwa mwongozaji wa Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889. Lakini tuangalie nafasi ya mwenyeji katika picha hiyo. Yeye ndiye aliyebeba mzigo, aliyepika, aliyeonyesha njia, kisha akarudi nyumbani na ujira wake, huku kiti cha barazani kikiwa cha mgeni. Katika Tanganyika ya ubaguzi wa rangi, hoteli nzuri ilikuwa mahali ambapo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Jengo la KNCU liligeuza mpangilio huo. Mkulima wa Rombo au Kibosho aliyekuwa na shughuli mjini aliweza kutazama juu, kilele cha Kibo kikiwa nyuma ya paa, na kusema kwamba pale pana sehemu yake, hata kama ni ndogo kiasi gani.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hii si hoteli ya kifahari. Ni kweli, vyumba vyake vilikuwa vya kawaida, na lengo la mwanzo lilikuwa hosteli. Lakini ufahari hupimwa kwa kile ambacho watu wa mahali hapo walikuwa wamenyimwa. Kwa mtu ambaye, akija mjini, alizoea kulala kwa ndugu au kwenye kibanda cha jirani na soko, kitanda safi ghorofani na mkahawa unaotazamana na mlima, katika nyumba ya chama chake mwenyewe, ni ufahari ambao taa za vioo za Nairobi hazikuweza kumpa, kwa kuwa kule asingepokewa kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wanahistoria. KNCU haikuzaliwa huru. Serikali ya kikoloni iliisukuma mbele kwa sababu KNPA ilikuwa imeanza kusema mambo ya siasa, meneja wa KNCU, A. L. B. Bennett, alikuwa Mwingereza, na sheria ilimlazimisha kila mkulima Mchagga kuuza kahawa kupitia chama hicho. Mwaka 1937 hasira ililipuka, wakulima wakafanya ghasia, na serikali ikatumia nguvu kuzima. Je, jengo la chama cha namna hiyo si kumbukumbu ya kulazimishwa? Mimi naona ghasia zile ndizo zinazothibitisha kwamba wakulima walikihesabu chama kuwa chao. Hakuna anayepigania hesabu za duka la mtu mwingine. Katika miaka iliyofuata waliendelea kuhoji bei na makato kupitia vyama vyao vya msingi, na hadi jengo linainuka, chombo kilichoundwa ili kuwadhibiti kilikuwa kimejifunza kuwasikiliza. Makato yalikuwa ya lazima, ndiyo. Basi haki yao juu ya kilichojengwa kwa makato hayo ni kubwa zaidi, wala si ndogo.

Baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ilijadili hoteli kwa ukali ambao leo tumeusahau. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza gazetini kama nchi ya kijamaa inapaswa kujenga hoteli za watalii, na msomi Issa Shivji akakusanya mjadala huo katika kitabu mwaka 1973. Wapinzani waliona hoteli inamrudisha Mwafrika kwenye utumishi. Watetezi waliona fedha za kigeni. Pande zote zilifikiria hoteli ya serikali au ya tajiri wa nje. Lakini mfano wa hoteli ya wakulima ulikuwa umesimama Moshi kwa karibu miaka 20. Kisha Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kazi zake zikapewa mamlaka za mazao, na KNCU haikurudi hadi 1984.

Katika miaka ya 1990 soko la kahawa lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi; leo mibuni imezeeka au imeng'olewa, na ghorofa la kale hudai ukarabati kila mwaka. Kuna hoja kwamba mali ya aina hii ni mzigo, auziwe mwekezaji. Hoja hiyo ina haki upande mmoja: jengo bovu halimheshimu mtu. Kilimanjaro Hotel ya Dar es Salaam ilifungwa, ikakarabatiwa, ikafunguliwa mwaka 2005 chini ya Kempinski, na sasa inaendeshwa na Hyatt. Lakini mtaji na uendeshaji vinaweza kukodishwa pasipo kuuza umiliki. Wala wakulima si wageni wa biashara ya wageni: KNCU imewahi kuanzisha Kahawa Shamba, mradi unaompeleka mtalii kijijini kwa mkulima, na Union Café mjini Moshi, inayouza kikombe cha kahawa ya wanachama wenyewe. Kinachotakiwa kwa jengo la mnara wa saa ni ubia wenye muda maalumu, kodi inayorudi kwenye vyama vya msingi kwa hesabu inayosomeka, sharti la kutobomoa sura ya jengo, na ukuta mmoja wa mapokezi unaoeleza fedha zilitoka wapi. Mkataba wa namna hiyo uandikwe kwa Kiswahili, upelekwe mkutano mkuu, na wajumbe kutoka Rombo, Vunjo, Uru na Kibosho wapewe muda wa kwenda kuusoma na wenzao vijijini kabla ya kuupigia kura.