Nani Apangaye Zamu za Kompyuta?

Askari yeyote aliyepata kuandika orodha ya zamu anajua kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Gari liko tayari, dereva yuko likizoni. Mlinzi yupo, redio haipo. Na lindo la ghala haliwezi kungoja. Watu wapo, vifaa vipo, walakini kazi imekwama kwa sababu mpango ni mbovu.

Shida iyo hiyo huzikabili kompyuta zifanyazo kazi kwa pamoja. Siku hizi kazi kubwa haipewi mashine moja. Hukatwa vipande na kugawiwa maelfu ya mashine zilizounganishwa. Kila kipande huhitaji nguvu ya kukokotoa na nafasi ya kumbukumbu. Mashine iliyojaa kumbukumbu haiwezi kupokea kazi nyingine, hata kama nusu ya nguvu yake ya kukokotoa haijatumika. Nguvu hiyo hukaa bure, na mashine huendelea kula umeme.

Kwa miaka mingi wahandisi walitunga wenyewe kanuni za ugawaji, nazo zina mitego. Mwaka 1966 mwanahisabati wa Marekani, Ronald Graham, alithibitisha jambo la ajabu: kuongeza mashine, au hata kufupisha kazi, kwaweza kuchelewesha kumalizika kwa shughuli nzima. Wingi wa askari haufai kitu ikiwa mpango haufai.

Ndipo akili bandia ilipoitwa. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza programu yao iitwayo Decima. Haikupewa kanuni, ilifanyishwa mazoezi mengi ya kuigiza, ikituzwa kazi zilipokwisha mapema na kuadhibiwa zilipochelewa. Ilipojaribiwa katika kundi la mashine 25, ilipunguza wastani wa muda wa kumaliza kazi kwa angalau asilimia 21 ikilinganishwa na kanuni za wahandisi. Hata hivyo, mpangaji wa namna hiyo ana ila moja: hawezi kueleza sababu ya amri yake, kwani imefichika ndani ya maelfu ya tarakimu.

Mwaka 2025 kampuni ya Google ilitangaza njia nyingine. Programu yake, AlphaEvolve, haikukabidhiwa ugawaji wenyewe. Ilitakiwa kuandika kanuni mpya kwa ajili ya Borg, programu inayogawa kazi katika vituo vya kompyuta vya kampuni hiyo. Kwa maelezo ya kampuni, kanuni hiyo ilikwisha kutumika zaidi ya mwaka mmoja, ikiokoa wastani wa asilimia 0.7 ya uwezo wa kompyuta zake duniani. Kiasi hicho ni kama kurudisha kazini mashine saba katika kila 1,000. Tena kanuni yenyewe ni fupi, na mhandisi aweza kuisoma. Wahandisi waliipendelea kwa sababu inaeleweka, inatabirika, na ikikosea ni rahisi kulitafuta kosa.

Ndugu msomaji, yamkini siku moja orodha ya doria yako nayo itaandikwa na mashine. Lindo likiachwa wazi usiku na ghala likavunjwa, mashine haitasimama mbele ya mkuu wa kikosi kujieleza. Atakayesimama ni yule aliyetia sahihi. Basi na aisome kwanza orodha hiyo, aulize sababu ya kila jina lililowekwa pale, na asipopata jibu aikatae.