O'nyong'nyong: Homa Inayoenezwa na Mbu wa Malaria

Mnamo mwaka 1959 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Wagonjwa walishikwa na homa ya ghafla, wakatokwa na upele uwashao, tezi za shingo zikavimba, na viungo vikauma hata wengi wakashindwa kusimama wima. Wenyeji waliuita o'nyong'nyong, yaani kulegea kwa viungo kwa maumivu. Mwaka huo huo wataalamu wa Entebbe walivipata virusi vyake katika damu ya wagonjwa wa Gulu. Hadi kufikia 1962 ugonjwa ulikuwa umezizunguka nchi za Ziwa Victoria, Tanganyika ikiwamo, na kuwashika watu wapatao milioni 2. Waliotaabika walikuwa wengi, ila haukujulikana kuwa ugonjwa wa kuua.

Kisha ukatoweka kwa muda wa miaka 35 hivi. Mwaka 1996 ulizuka tena Rakai, kusini mwa Uganda, ukavuka mpaka na kuingia Bukoba. Ukitoka Bukoba kwenda kusini utapita Muleba, ndipo ufike Biharamulo, na magharibi yake Ngara.

Wilaya hizi mbili zina kila kinachohitajiwa na virusi hivyo. Vinaenezwa na Anofelesi, mbu yule yule wa malaria, jambo ambalo ni nadra sana miongoni mwa virusi. Anofelesi funestusi hupenda maji yaliyotulia penye majani, kama yale ya mabonde ya Ruvubu na Kagera. Anofelesi gambie huridhika na kidimbwi cha mvua katika unyayo wa ng'ombe. Mbu haruki mbali. Kinachosafiri ni damu ya msafiri mwenye virusi, na wasafiri hawakosekani Rusumo, Kabanga wala katika njia panda ya Nyakanazi.

Hatari kubwa imo katika kufanana kwa homa. Mahali ambapo malaria imezoeleka, kila homa hupewa jina hilo, na mgonjwa hunywa dawa ambayo haidhuru virusi hata kidogo. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi: mtoto mwenye malaria akidhaniwa ana homa ya viungo tu, aweza kufa. Kwa hiyo hapana budi damu ipimwe kwanza. Zahanati ikiona wagonjwa wengi wenye viungo vinavyouma, na kipimo hakionyeshi malaria, yafaa itoe taarifa wilayani mapema. Hata maabara huhitaji uangalifu, kwa kuwa kingamwili za o'nyong'nyong hufanana na zile za chikungunya, ndugu yake aliyegunduliwa Newala katika mlipuko wa 1952 na 1953.

O'nyong'nyong haina tiba maalumu wala chanjo iliyoidhinishwa. Chandarua husaidia, maana Anofelesi huuma usiku. Chikungunya na dengi ni habari nyingine: Edesi huuma mchana, na huzaliana katika matairi, makopo na mitungi.

Wanafunzi waweza kuwatambua kwa kuchota maji ya dimbwi na ya tairi kuukuu katika chupa mbili za kioo. Viluwiluwi wa Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Wale wa Edesi huning'inia kichwa chini, wakivuta hewa kwa kibomba kilicho mkiani.