Kupakua, Kusakinisha, Kusanidi: Msamiati wa Kuweka Linux kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Mtu anayeweka Linux kwenye kompyuta yake hufuata maelekezo hatua kwa hatua, na kila hatua huongozwa na kitenzi. Kitenzi kikiwa na utata, hasara yake si ya kimtindo tu: picha, barua na kazi za miaka mingi zinaweza kupotea kwa kubofya mara moja. Makala haya yanafafanua istilahi za msingi za shughuli hiyo na kuonyesha mahali ambapo wanafunzi na wafasiri hukosea.

1. Kiini na mfumo

Linux iliyotangazwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ni kiini tu: sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kuendesha vifaa na kupanga zamu za programu. Kiswahili kina 'kiini' cha yai na 'kiini' cha jambo, kwa hiyo istilahi hii haihitaji maelezo marefu. Kinachowekwa kwenye kompyuta ni kiini hicho pamoja na zana nyingine nyingi, zikiwemo zile za mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kwa hiyo 'mfumo wa Linux' ni usemi sahihi zaidi pale inapokusudiwa kompyuta nzima. Upatanisho nao hufuata nomino iliyotajwa: 'mfumo wa Linux umewekwa', lakini 'Linux imewekwa'.

2. Huria na bure

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa. Kiswahili kina maneno mawili, na mfasiri anayeandika 'programu za bure' kila mahali hupoteza faida hiyo. Programu 'huria' humpa mtumiaji uhuru wa kuiendesha kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadili, kuisambaza, na kuisambaza ikiwa imebadilishwa. Programu ya 'bure' haidai malipo, lakini huenda ikamnyima uhuru wote huo. Kinyume chake, programu huria inaweza kuuzwa.

3. Pakua, sakinisha, sanidi

Vitenzi hivi vitatu hufuatana na havibadilishani nafasi.

'Pakua' ni kinyume cha 'pakia', kama 'funua' ilivyo kinyume cha 'funika'. Shehena hupakiwa melini na kupakuliwa bandarini. Chakula nacho hupakuliwa kutoka chunguni. Vivyo hivyo, faili la Linux hupakuliwa kutoka kwenye intaneti, kisha huandikwa kwenye flashi. Kuandika 'pakia Linux kutoka kwenye tovuti' ni kugeuza mwelekeo wa safari.

'Sakinisha' hutokana na 'sakini', yaani kukaa mahali au kufanya makazi. 'Maskani' ni ndugu yake. Kiambishi cha usababishi kimeongezwa kama katika 'safiri' na 'safirisha', 'rudi' na 'rudisha'. Maana yake ni kuifanya programu ipate makazi ndani ya kompyuta. Umbo 'sanikisha' nalo linasikika sana na huonekana katika maandishi; inaelekea konsonanti 'k' na 'n' zimebadilishana nafasi. Wasomaji wengi wanalielewa, lakini 'sakinisha' lina asili iliyo wazi na linafundishika kwa urahisi. Kosa kubwa zaidi ni kuyachanganya maumbo yote mawili katika andiko moja, kwani msomaji hudhani ni vitendo viwili tofauti.

'Sanidi' huja mwisho: kuchagua lugha, mpangilio wa kibodi, saa za eneo, mtandao na mwonekano. Mfumo uliosakinishwa mara moja unaweza kusanidiwa mara mia.

4. Futa, ondoa, safisha

Hapa ndipo penye hatari. Kisakinishi cha Ubuntu, kwa mfano, humpa mtumiaji chaguo la kufuta diski yote na chaguo la kuuacha mfumo uliopo ubaki. Linganisha tafsiri hizi:

(a) Safisha diski na usakinishe Ubuntu.
(b) Futa diski na usakinishe Ubuntu.
(c) Futa data zote kwenye diski, kisha usakinishe Ubuntu.

Tafsiri (a) inapotosha. Nyumba iliyosafishwa hubaki na vyombo vyake. Diski hii haitabaki na chochote. Tafsiri (b) ni sahihi, ila 'futa' hutumika pia kwa faili moja, hata kwa vumbi. Tafsiri (c) inataja kinachopotea, nayo ndiyo inayofaa. 'Ondoa' litengwe kwa programu moja inayotolewa huku nyingine zikibaki.

Chaguo la pili nalo lina mtego. 'Sakinisha Ubuntu pamoja na Windows' inaweza kueleweka kuwa mifumo yote miwili itasakinishwa sasa. 'Sakinisha Ubuntu bila kuondoa Windows' haina utata.

5. Mzizi

Katika Linux, faili zote zimepangwa kama mti, na shina lake huandikwa kwa alama ya mkwaju ( / ). Kuliita 'mzizi' kunafaa. Lakini Linux humwita kwa jina hilohilo pia mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kwake 'mzizi' halimwambii msomaji kitu. 'Mtumiaji mkuu' linaeleweka mara moja.

6. Ubuntu na utu

Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004. Jina hilo latokana na lugha za Kinguni, zikiwemo Kizulu na Kixhosa, na neno la Kiswahili lenye asili moja nalo ni 'utu'. Kiswahili kilidondosha nazali mbele ya 't': Kiganda kina 'omuntu', Kinyarwanda 'umuntu', Kiswahili 'mtu'. Hata hivyo, jina la mfumo halitafsiriwi. Mwalimu anaweza kulitumia darasani kama mfano wa sauti zinazolingana kati ya lugha za Kibantu, lakini kwenye maelekezo liandikwe lilivyo.

Kabla ya kuchapisha maelekezo ya aina hii, mfasiri ampe mtu asiyeijua lugha ya asili ayasome na kueleza kwa maneno yake nini kitatokea kwenye diski. Akisita, sentensi iandikwe upya.