Sukuma zikizidi kwa debe, gawa: Jirani ndiye benki yako ya miche

SUKUMA wiki ikishakaa kwa debe miezi kadhaa, shina lake hurefuka kama mlingoti. Kisha ubavuni, pale ulipokuwa ukichuma majani, hutokea machipukizi madogo. Wengi wetu huyang'oa na kuyatupa, ati yanaiba nguvu ya mmea mkubwa. Ni kweli yanaiba. Lakini kila chipukizi ni mche, na wewe unautupa kwa pipa la taka wiki ile ile ambayo jirani wa orofa ya tatu anahesabu sarafu akanunue miche barabarani.

Kama unapanda chochote kwa gunia, mtungi uliokatwa, beseni lililopasuka au kopo la dirishani, haya yanakuhusu. Bustani ikitunzwa vizuri lazima izidi. Mnanaa utajaa kopo, mchaichai utapasua mtungi, alovera itazaa watoto pembeni hadi mama mtu akose nafasi. Swali ni utafanya nini na hiyo ziada. Jibu langu ni fupi: mpe mtu, na umpe mapema, kwa sababu siku moja wewe ndiye utaenda kuomba.

Akiba iliyo kwa mlango wa mwingine

Bustani ya ploti haina usalama, hilo unalijua. Mgao wa maji unaruka zamu yenu mara mbili, kila kitu kinanyauka. Msimamizi wa ploti anaamka na kusema mikebe yote ishuke kutoka paa kabla ya Ijumaa. Vidukari vinavamia ukiwa ushago kwa mazishi. Au kodi inapanda, unahama na mkokoteni mmoja, na kati ya godoro na gunia la udongo, godoro ndilo linapanda mkokoteni.

Sasa fikiria ulikuwa na mboga ya saga iliyotoka kwenu, na ulikuwa nayo peke yako. Imeisha. Lakini kama watu watatu kwa ploti walichukua mbegu zako msimu uliopita, haijaisha. Unapiga hodi, unapewa kiganja kimoja, unaanza tena. Mche uliogawa ni akiba ambayo mgao wa maji wa kwenu hauwezi kuigusa, kwa sababu haiko kwenu.

Usidhani hii ni hesabu ya watu wa mtaa tu. Wanasayansi wanaotunza mbegu za dunia hufanya vivyo hivyo. Kule Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini, kuna ghala lililofunguliwa 2008 ndani ya mlima. Kazi yake ni kuhifadhi nakala za mbegu ambazo tayari ziko kwa benki za mbegu za sehemu nyingine. Kituo cha utafiti kiitwacho ICARDA kilikuwa na benki yake karibu na mji wa Aleppo, Syria. Vita vilipofanya kazi isiwezekane pale, mnamo 2015 kiliomba nakala zake kutoka Svalbard, kikazipanda upya Lebanon na Morocco, na 2017 kikawa kinarudisha mbegu mpya ghalani. Kama hawangekuwa wameweka kwa mwingine, wangeanzia wapi?

Sisi pia tuna benki yetu ya taifa ya mbegu za mimea, iko Muguga, Kiambu. Lakini Muguga hawatakuletea mche wa sukuma Pipeline Jumapili asubuhi. Jirani ataleta.

Mboga moja, majina matano

Ploti ya Nairobi ina watu kutoka kila pembe, na kila mtu alikuja na ladha ya kwao. Ile mboga unayoita managu, Mjaluo wa mlango wa pili anaiita osuga, Mkisii anaiita rinagu, Mluhya lisutsa, na mtu wa Pwani mnavu. Saga nayo ni dek, ni chinsaga, ni saget, na kwa Kiswahili cha vitabuni ni mgagani. Ukisikia watu wakibishana kwa ngazi ni gani tamu, jua wanazungumzia mboga moja.

Moja, lakini si sawasawa. Kuna managu chungu na managu isiyo chungu. Kuna ya majani mapana na ya majani madogo, kuna ya vitunda vyeusi na ya vitunda vya rangi ya chungwa. Ile chungu aliyokulia shosho wako huenda haiko kwa pakiti yoyote ya duka la pembejeo. Iko kwa kitambaa kilichofungwa fundo, kimewekwa juu ya kabati la jikoni ushago. Siku shosho akikosa nguvu ya kwenda shambani, nani ana hiyo mbegu? Kama jibu ni "hakuna", basi tumebaki na kumbukumbu ya ladha tu. Desemba ukienda, omba kijiko kimoja. Ukirudi mjini, gawa nusu.

Nini kinagawika, na vipi

Sukuma: chagua chipukizi la urefu wa kiganja, livunje pale linapoungana na shina. Toa majani makubwa, bakisha mawili matatu ya juu. Panda kwa udongo wenye unyevu, weka kivulini. Baada ya wiki mbili tatu litakuwa limeshika.

Mnanaa: kata tawi chini kidogo ya kifundo, litie kwa glasi ya maji dirishani. Mizizi huonekana ndani ya wiki moja au mbili. Huu ndio mmea wa kumpa mtu anayesema mkono wake huua kila kitu.

Mchaichai na vitunguu vya majani: ng'oa shungi zima, ligawanye, kila kipande kibaki na mizizi yake. Punguza majani ili mmea usikauke kabla haujashika.

Viazi vitamu: kata marando ya ncha, urefu wa futi moja hivi, kutoka kwa mmea wenye afya. Usimpe mtu marando yaliyokunjamana au yaliyodumaa.

Managu: acha vitunda viive kabisa, viponde ndani ya maji, mbegu nzuri zitazama. Osha, anika kivulini. Terere ni rahisi zaidi: acha shada likauke, likung'ute juu ya gazeti. Mmea mmoja wa terere hutoa maelfu ya mbegu. Huwezi kuzimaliza peke yako hata ungepanda paa lote.

Jambo moja la kumwambia mtu kabla hajafurahi: mbegu uliyokamua kutoka kwa nyanya au pilipili hoho ya chotara haitazaa kama mama yake. Inaweza kuzaa vizuri, inaweza kuzaa vituko. Mpe, lakini mwambie.

Na wakati wa kugawa ni mvua inapoanza, Machi kwa mvua ndefu na Oktoba kwa ile fupi. Mche uliopewa mtu Januari jua likiwaka ni kazi ya kumpa, si zawadi.

Bei ni gani sasa?

Hapa ndipo watu huharibu. Kubadilishana mimea si soko la Gikomba, huhitaji kupima nani amepata zaidi. Mche kwa mche ni sawa. Machipukizi matano kwa debe la samadi ya sungura ni sawa. Mbegu za saga kwa mitungi miwili mitupu ni sawa kabisa. Na kuna msee hana chochote cha kukupa leo, lakini atamwagilia madebe yako ukisafiri. Hayo ni malipo makubwa kuliko mche.

Kuna adabu zake, hata hivyo. Kwanza, toa mche ambao wewe mwenyewe ungeupanda. Ukimpa mtu kile kilichokataa kwako, umemhamishia taka. Pili, andika jina na tarehe kwa kijiti au kipande cha plasta, kwa sababu mche wa nyanya na wa pilipili vikiwa vidogo humchanganya mgeni. Tatu, usikate tawi kwa debe la mtu bila ruhusa, hata kama limefurika hadi kwa korido. Huo ni wizi tu. Sema: "Mathe, mchaichai wako umependeza. Siku ukiupunguza, naomba kipande." Mara tisa kwa kumi utapewa kikubwa kuliko ulichoomba, pamoja na maelezo ya dakika ishirini.

Nne, heshimu mwenye kitalu. Vijana walio na miche kando ya Ngong Road wanakula kwa hiyo kazi. Usiende kumwambia mmoja wao akupe bure kwa sababu umesoma mahali kwamba mimea inagawanwa. Kwake nunua, ziada yako gawa na wenzako.

Usigawe ugonjwa

Mche hubeba zaidi ya majani. Kabla ya kutoa, angalia. Sukuma ikiwa na manjano ya umbo la V yanayoanzia ukingoni mwa jani na mishipa imekuwa myeusi, huo ni uozo mweusi, na hakuna chipukizi lake linalofaa kutoka hapo. Mizizi ikiwa na vinundu vinundu, udongo una minyoo ya mizizi. Usimpe mtu mche wala udongo huo. Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata shina, litumbukize kwa glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwa shina, hiyo ni bakteria ya mnyauko. Ng'oa, tupa mbali, wala usipande nyanya, viazi au pilipili kwa udongo ule ule.

Wewe unayepokea, weka mgeni kando wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine. Hakuna anayekukosea heshima kwa hilo.

Pia kuna mimea ya kukataa hata ukipewa bure. Gugumaji linaloziba fuo za Ziwa Victoria lina asili ya Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau. Mathenge uliletwa Baringo kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Waulize wafugaji wa huko leo umewafanyia nini. Mmea unaosambaa bila kuombwa usiupeleke kwa mto wala kwa shamba la ushago. Na ukitoka Kampala au Arusha, usifiche kitawi kwa begi. Mimea inayovuka mpaka inahitaji kibali cha KEPHIS, na sababu ni hayo magonjwa niliyoyataja.

Na sheria je?

Hili wengi hawalijui. Marekebisho ya sheria ya mbegu ya 2012 yalifanya iwe kosa kuuza, kugawana au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa. Adhabu iliyowekwa ilikuwa hadi miaka miwili gerezani, faini ya hadi Sh1 milioni, au zote mbili. Yaani kile kitambaa cha shosho chenye fundo, kikitoka kwake kuingia kwa mkono wa jirani, kilikuwa kinagusa jela.

Wakulima wadogo 15 walienda kortini 2022 kupinga. Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilikubaliana nao na kusema vipengele hivyo vinakiuka Katiba. Katiba yenyewe, Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za kienyeji na umiliki wa jamii zilizozitunza.

Usigeuze ushindi huo kuwa ruhusa ya kufunga mbegu za kubahatisha kwa pakiti na kuwauzia watu. Mkulima anayetegemea ekari moja kulipa karo hawezi kuchezewa hivyo. Lakini mbegu ya terere kwa kikombe, kutoka kwako hadi kwa jirani, na wewe umemweleza ukweli wote kuihusu? Hiyo watu wamefanya tangu kuwe na mashamba, na hao wakulima 15 walihatarisha muda na nguvu zao ili mimi na wewe tuendelee kuifanya bila kuangalia nyuma.

Kwa hivyo Jumamosi hii panda juu ya paa au toka kwa balkoni, uangalie nini kimezidi. Chagua machipukizi matatu mazuri. Moja lipande wewe, mawili yapeleke kwa milango miwili tofauti, kila moja na jina lake. Mlango mmoja ukiwa wa mtu ambaye hamjawahi kusalimiana, bora zaidi. Usiulize utapata nini. Muulize tu anapanda nini, na kama yeye pia ana kitu kimemzidi.